Mkono Wenye Nguvu Kuliko Yote Duniani, na Mkono wa Mwanao (Sehemu ya 9)

Mama zangu, na nyie baba wachache mnaosoma humu kimyakimya bila hata kuacha salamu, nawaona. Niliahidi sehemu ya 9 itakuwa historia ya chanjo ya surua. Naomba mnivumilie, surua itakuja wiki ijayo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipoliandika leo sitalala.

Jumamosi usiku tulimpokea kijana wa miaka 14. Alishuka kwenye bajaji kaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kaukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Kiwiko kimevimba upande wa ndani. Nikamwambia achezeshe vidole, akachezesha. Nikamgusa kimoja kimoja, akasema kidole cha mwisho kina ganzi. Mama yake alikuwa analia kimya. Nyuma yao alisimama mjomba, kijana wa miaka ishirini na kidogo, macho chini.

Nikauliza, umeangukaje? Mama akajibu, "Hajaanguka, sista. Walikuwa wanalazana mikono na mjomba wake mezani, tukasikia ko!"

Hiyo "ko!" wauguzi tunaijua. Picha ya eksirei ilipotoka, kipande cha mfupa wa ndani ya kiwiko kilikuwa kimebanduka. Mtoto yuko kidato cha pili, mkono wenyewe ndio wa kuandikia, na mtihani hauko mbali.

Wakati tunasubiri daktari, yule mjomba akanifuata taratibu. "Sista, samahani. Mbona wale wa YouTube wanavutana na mijitu ya kilo mia na themanini na hawavunjiki? Mimi nilimpa nguvu kidogo tu." Mlinzi wa mlangoni akadakia, "Unamsema Levan? Yule hana mpinzani." Mjomba akasahau hata msiba wake: "Levan mkubwa tu wa mwili, Brzenk wa zamani ndiye kiboko." Wakaanza kubishana pale pale, mtoto kitandani anasikiliza.

Nilitaka kuwafukuza wote wawili. Lakini lile swali la kwanza lilikuwa zuri. Kwa nini wao hawavunjiki, au huvunjika mara chache, na mtoto wetu kavunjika sebuleni? Nimetumia siku mbili za mapumziko kusoma. Nimegundua kwamba ubishi wa nani ana mkono wenye nguvu zaidi una historia ndefu, na ndani yake kuna jibu la yule mjomba.

Tuanzie mwanzo. Kulazana mikono watu wamefanya tangu zamani kwenye meza yoyote iliyo karibu. Ila mashindano yenye kanuni, hakimu na bingwa wa dunia mizizi yake iko kwenye mji mdogo wa Petaluma, California, Marekani. Miaka ya 1950 mwandishi wa gazeti aitwaye Bill Soberanes aliona wanaume wakilazana mikono kwenye baa moja ya pale, akaanza kuyaandika na kuyapanga. Mwaka 1962 yakawa mashindano ya dunia. Mwaka 1968 hata yule mbwa wa katuni, Snoopy, alichorwa akienda Petaluma kushindana, akaondolewa kwa sababu hana kidole gumba. Mnacheka, lakini shikeni hilo. Hata kwenye katuni walijua kuwa bila kidole gumba huna mchezo. Baadaye televisheni ikaanza kuonyesha, na mwaka 1977 likaundwa shirikisho la dunia la mieleka ya mikono. Leo Petaluma wana sanamu ya Soberanes mjini.

Sasa twende kwa Brzenk, kiboko wa mjomba. John Brzenk ni Mmarekani aliyezaliwa 1964. Wale mliokulia kwenye vibanda umiza mnaikumbuka filamu ya Over the Top ya 1987, ambayo Sylvester Stallone, yule tunayemwita Rambo, ni dereva wa lori anayeshindana mikono huku anatafuta kupendwa na mtoto wake wa kiume. Mashindano ya kwenye filamu ile yalifanyika kweli, Las Vegas, mwaka 1986, na zawadi mojawapo ilikuwa lori la Volvo. Aliyeondoka na lori ni Brzenk, kijana wa miaka 22. Wala hakuwa jitu. Kazi yake ilikuwa fundi wa ndege. Kwa miaka mingi uzito wake ulikuwa karibu kilo 100 au chini ya hapo, na bado alikaa mezani na wanaume waliomzidi kwa makumi ya kilo akawalaza. Guinness walimtaja kuwa mshindani mkubwa kuliko wote wa mchezo huo.

Aliwezaje? Hapa ndipo macho yangu ya uuguzi yalipofunguka. Sisi tukiwaza nguvu ya mkono tunawaza msuli wa juu, ule ambao watoto wa kiume wanautunisha mbele ya kioo. Mezani ule ni sehemu ndogo tu. Wa kwanza kupigana ni vidole. Anayefanikiwa kupanda juu ya vidole vya mwenzake na kukifungua kifundo cha mkono wake amemnyang'anya nguvu zote, hata awe na msuli kama gogo la mwembe. Wengine wanafanya kinyume, wanakunja kifundo kuelekea ndani na kumvuta mwenzao karibu na kifua. Kwa hiyo mtu anaweza kumlaza bwana A, akalazwa na bwana B, halafu bwana A akamlaza bwana B. Ukiuliza nani ana nguvu zaidi kati yao, jibu linategemea nani kakutana na nani, na kwa namna gani.

Halafu kuna kano. Kano ni zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Msuli ukifanya mazoezi unakua kwa wiki na miezi. Kano hazina damu nyingi kama msuli, zinakomaa polepole, na mfupa nao una mwendo wake. Brzenk alikuwa mezani tangu ujana wake, na alipopita miaka 55 alikuwa bado anashindana na vijana. Mkono wake ulijengwa kwa miaka arobaini. Nguvu ya namna hiyo hupewi na chakula wala ubishi, unapewa na muda.

Mwaka 2008 Brzenk alikutana na Devon Larratt wa Canada, askari wa kikosi maalumu, mrefu, mikono mirefu, maneno mengi. Larratt akamshinda 6 kwa 0. Watu wakasema basi, mfalme mpya kapatikana. Lakini angalieni hesabu. Brzenk wakati huo alikuwa na takriban miaka 44, Larratt alikuwa na takriban 33. Ukitaka kulinganisha kwa haki ungehitaji kuwakutanisha wote wakiwa na umri mmoja, uzito mmoja, viwiko vizima, na hilo haliwezekani. Ndiyo maana ubishi hauishi, na ndiyo maana unanoga.

Larratt mwenyewe ni somo. Viwiko vyake vimeshafanyiwa upasuaji kwa sababu ya uchakavu wa mifupa. Kwa hiyo mjomba akisema wale hawaumii, si kweli. Wanaumia, wanapasuliwa, wanakaa nje ya meza, wanarudi. Video unayoiona ni ya siku aliyopona.

Kuna kisa kingine cha Larratt. Hafþór Björnsson wa Iceland, yule jitu aliyeigiza kwenye Game of Thrones, mwaka 2020 aliinua kilo 501 kutoka chini. Hiyo ni kama mifuko kumi ya saruji kwa mkupuo mmoja. Septemba 2021 huko Dubai, Larratt alipanda naye ulingoni kupigana ngumi, kuziba nafasi ya mtu aliyejitoa. Alipigwa raundi ya kwanza tu. Mmoja wa watu wenye mikono migumu kuliko wote duniani hakumaliza raundi moja ya ngumi. Nguvu ina nyumba nyingi, wapendwa, na ufunguo wa moja haufungui nyingine.

Halafu Juni 2022, Dubai hiyo hiyo, Larratt akakaa mezani na Levan Saginashvili wa Georgia, ile nchi ya kule milima ya Caucasus. Huyu ndiye kiboko wa mlinzi wetu. Uzito wake zaidi ya kilo 170, mkono wa chini mnene kama paja la mtu mzima. Larratt alijinenepesha makusudi kwa ajili yake. Levan akashinda 6 kwa 0. Larratt alikuwa na miaka 47, Levan alikuwa bado kwenye thelathini.

Kwa hiyo mlinzi yuko sahihi? Ukiuliza siku ile, meza ile, nani alikuwa na nguvu zaidi, ndiyo, Levan. Lakini ukiuliza nani alifanya makubwa zaidi kwa mwili aliopewa, mjomba naye ana hoja, maana Brzenk alikuwa anawalaza watu ambao mizani iliwaweka mbali naye kabisa. Hayo ni maswali mawili. Kwenye kliniki tunayajua vizuri. Mtoto wa kilo 9 anaweza kuwa na afya kuliko wa kilo 12, inategemea umri, kimo na alikotoka. Ndiyo maana kwenye kadi ya kliniki tunachora mstari, hatuandiki namba moja tukaiacha. Na wewe mama unayelinganisha mwanao na wa jirani, umenisikia.

Sasa wawili wa mwisho, kisha turudi wodini.

Ujerumani kuna mwanaume aitwaye Matthias Schlitte. Alizaliwa na hali iliyofanya mkono wake wa kulia uwe mkubwa mno kuliko wa kushoto. Mkiona picha yake mtadhani ni mikono ya watu wawili tofauti. Ameshindana kwenye uzito mdogo na kuwalaza wengi. Namtaja kwa sababu kila mwaka napokea mama aliyejifungua mtoto mwenye kiungo kisicholingana, anamficha kwenye kanga hata sisi tusimwone. Usimfiche. Mlete, aangaliwe, afuatiliwe. Hujui Mungu kamwandikia nini.

Na Sweden kuna mwanamke, Heidi Andersson, aliyezaliwa 1981. Kijiji chake kinaitwa Ensamheten, maana yake Upweke, na kweli ni kijiji cha watu wachache sana. Ana medali 11 za dhahabu za ubingwa wa dunia. Hakulelewa na klabu kubwa ya mjini, alijengwa na familia yake, nyumbani. Ndugu zake walimfundisha namna ya kusimama, kushika, kukunja kifundo, mwaka hadi mwaka. Nilipofika hapo nikamkumbuka yule mjomba. Na yeye ni familia, na yeye alikuwa nyumbani. Tofauti ni kwamba wale wa Upweke walikuwa wanamjenga mtoto. Huyu wetu alikuwa anampima.

Turudi kwenye mfupa. Nitaeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo ninapotaka mnielewe.

Mtu mzima asiye na mafunzo akivunjika mezani, mara nyingi unavunjika mfupa ulio kati ya bega na kiwiko. Chukua nepi iliyolowa, uikamue. Mkono mmoja unazungusha huku, mwingine kule. Ndivyo unavyofanyiwa mfupa ule. Kiganja kimeshikwa na mwenzako kinaelekea nyuma, wewe kwa hasira unageuza bega na kifua kwenda mbele, uso umeangalia pembeni, meno umeyauma. Kati ya bega na kiganja kuna mfupa mmoja unaokamuliwa. Nguvu zako mwenyewe ndizo zinazouvunja, tena unapasuka kwa kujizungusha. Nyuma ya mfupa huo unapita mshipa wa fahamu unaonyanyua kiganja. Ukibanwa, kiganja kinaning'inia kama ua lililokosa maji. Wengi hupona, lakini ni miezi, na kwa fundi cherehani au dereva wa bodaboda miezi hiyo ni kodi ya nyumba.

Mtoto wa miaka 12 hadi 16 ana hatari nyingine. Mifupa yake haijamaliza kukua. Karibu na viungo kuna sehemu laini ambako mfupa unaendelea kurefuka, na ile ya upande wa ndani wa kiwiko ni kati ya zinazochelewa sana kukomaa. Misuli ya kukunja vidole na kifundo imejishikiza hapo hapo. Kijana wa umri huo msuli umeshaanza kuwa wa kiume, sauti imeshakuwa nzito, lakini pale kiwikoni bado ni mtoto. Akivuta kwa nguvu zake zote, msuli unabandua kipande cha mfupa. Na jirani na kipande hicho unapita mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho. Ndiyo ile ganzi.

Kwa hiyo jibu la mjomba ni hili. Wale wa YouTube wana mifupa iliyokomaa na kano za miaka mingi. Wana meza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na waamuzi wawili wanaomwonya mtu akijiweka vibaya. Kubwa zaidi, wamefundishwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza, kwamba macho yasitoke mkononi. Ukiutazama mkono wako, bega na kifua vinabaki nyuma yake, na mfupa haukamuliwi. Ukigeuza uso, umeuacha mkono peke yake. Mtoto wetu hakuwa na hata kimoja cha hivyo. "Nguvu kidogo tu" ya mjomba ilitosha.

Nilirudi nyumbani Jumapili asubuhi nimechoka. Mnajua nilikuta nini? Baba watoto na mwanangu wa miaka 11, viwiko juu ya meza ya chakula, mdogo wake anashangilia. Mtoto kageuza uso pembeni, kauma meno. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Baba watoto akanuna, akasema nalea mtoto wa kiume kama yai. Tulikaa kimya hadi jioni. Ndipo nilipomwonyesha kiwiko kwenye kitabu changu cha chuo, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mzee alikuwa ananifanyia hivi kila sikukuu. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kunigusa."

Nimeliwaza hilo sana. Sitaki kuwanyang'anya baba na wajomba namna yao ya kugusa watoto. Kwa wengine ni hiyo tu wanayoijua. Kwa hiyo nimeandika tulivyokubaliana nyumbani kwangu, mnaweza kuyachukua.

Moja, watoto na vijana ambao hawajamaliza kukua hawavutani kwa nguvu zote, wala na mtu mzima wala kati yao. Mchezo wa kushikana viganja na kucheka, sawa. Kupimana hadi mmoja alie, hapana.

Mbili, wakicheza, macho mkononi, mabega yameangalia meza. Uso ukigeuka, mchezo umeisha hapo hapo, hakuna aliyeshinda.

Tatu, kijana anayeupenda mchezo kweli, mtafutie mwalimu. Ni mchezo halali, ulikuwemo hata kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Machi 2024, wenye kanuni na makundi ya uzito. Aanze kwa kujenga vidole na kifundo polepole.

Nne, ikitokea "ko!", au maumivu makali, au ganzi, usivute, usikande, usimpeleke kwanza kwa wanaounga mifupa mtaani. Funga mkono kwa kanga shingoni kama ulivyo, vua pete na bangili kabla uvimbe haujapanda, mlete hospitali. Usimpe chakula njiani, pengine atahitaji upasuaji.

Tano, hili ni la wenye watoto wadogo, wa mwaka 1 hadi 4. Msiwanyanyue kwa kiganja kimoja, msiwabembee kwa mikono, msiwavute kwa nguvu mkikimbilia daladala. Kiwiko chao kinachomoka kirahisi. Ukiona mtoto ghafla hataki kutumia mkono, kauning'iniza umekunjwa kidogo, analia ukimgusa, mlete. Mara nyingi tunakirudisha kwa dakika chache tu na anaanza kucheza. Usijaribu mwenyewe.

Yule kijana wetu amefungwa skrubu ndogo, kisha hogo. Ganzi imeanza kupungua. Jana nilimkuta anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinapanda na kushuka kama za darasa la kwanza. Mjomba alikuwa amekaa pembeni, kamshikia daftari lisiteleze. Wala hawakuwa wanabishana kuhusu Levan. Akaniuliza tu, "Sista, nikimsaidia mazoezi ya vidole, nianze lini?"

Nikamwambia tusubiri mtaalamu wa mazoezi ya viungo aseme. Na siku hiyo ikifika, aanze na vidole, polepole.

Nawatakia usiku mwema. Sehemu ya 10 ni surua, safari hii kweli. Kama una kijana wa kiume nyumbani, mtumie baba yake hii kabla ya sikukuu.